Mjadala: Je, serikali ivipime na kuvipa vyeti vikosi vya uokoaji vya kujitolea?

Mleta hoja

Ndugu zangu, naleta hoja ambayo nchini Marekani haijapata kutulia: je, serikali ya jimbo iwe na mamlaka ya kuvipima, kuvipa vyeti na hata kuvifunga vikosi vya uokoaji ambavyo wananchi wameviunda kwa fedha na muda wao wenyewe?

Wanaopinga wanayo historia ya kujivunia. Mwaka 1909 Julian Stanley Wise, akiwa bado mtoto, aliwaona watu wawili wakizama katika mto Roanoke, Virginia, na umati ukingoni usijue la kufanya. Mwaka 1928 yeye na wafanyakazi wenzake wa reli wakaanzisha kikosi cha kujitolea, na mfano wao ukaenea. Lakini ripoti ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ya mwaka 1966 ilifichua upande mwingine: karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa nchini humo ziliendeshwa na wenye biashara ya mazishi, hasa kwa kuwa magari yao yalikuwa na nafasi ya kumlaza mtu. Mzikaji ndiye aliyetumwa kuokoa! Sheria ya usalama wa barabara kuu ya mwaka huohuo ikaanza kuyasukuma majimbo yaweke viwango, na usajili wa kitaifa wa wahudumu wa dharura ukaanzishwa mwaka 1970.

Msimamo wangu ni kwamba cheti kifuate kitendo. Kusukuma kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika, afundishwe kila mtu, wala asiulizwe karatasi. Kuingiza mpira wa hewa kooni ni habari nyingine: ukipotea njia ukaingia kwenye umio, yaani njia ya chakula, hewa inajaa tumboni, mapafu hayapati kitu, na aliyeuingiza anaweza asitambue asipopima kaboni dioksaidi inayotoka katika pumzi.

Najua zitatajwa sheria za Msamaria Mwema. Hizo hasa zinamlinda asishtakiwe mpita njia aliyeikuta ajali akasaidia. Kikosi kinachoitwa kwa simu na kufika kwa king'ora si mpita njia, kwa sababu huenda kuja kwake ndiko kulikofanya msaada mwingine usiitwe.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mleta hoja, la mpira wa hewa umelieleza vizuri, ila mzigo umeupita mbio. Kozi ya msingi ya mhudumu wa dharura nchini humo huchukua zaidi ya saa 100, kisha kuna mtihani, na baada yake mafunzo ya marudio yasiyokwisha. Mkulima anayeishi mbali na chuo atazitoa wapi saa hizo? Kikosi cha watu kumi wakijiondoa wanne, zamu ya usiku imekufa. Vyeti vya waliobaki ni safi na gari limelala. Aidha, uokoaji si tiba peke yake. Kuna kulikata gari lililobonyea, kuna kushuka korongoni kwa kamba, na mkaguzi aliyesomea dawa huenda asijue fundo hata moja.

Mleta hoja

Ndugu yangu, la fundo nimelipokea, nalo linatosha kuonyesha kwamba anayekagua kamba awe mtu wa kamba. La mzigo nalo nakubali nusu: jimbo linalodai mafunzo liyalipie, mkufunzi akifuate kikosi kituoni jioni, na anayeshindwa mtihani wa ngazi ya juu asifukuzwe, bali aendeshe gari, abebe machela na afunge majeraha.

Nusu nyingine siikubali. Majeruhi akifungwa mguuni mkanda wa kuzuia damu bila saa ya kufungwa kuandikwa, daktari atakayempokea hatajua kama mguu umekaa bila damu dakika 20 au saa tatu, wakati uamuzi wa namna ya kuufungua, na pengine wa kuukata, unategemea hilo. Kuandika saa hakudai zaidi ya kalamu. Kunadai mtu aliyezoeshwa, na mwingine mwenye mamlaka ya kumuuliza kwa nini hakuandika. Huyo wa pili ndiye ningependa tumjadili: awe mtumishi wa jimbo, au achaguliwe na vikosi vyenyewe?