Msaidizi wa utafiti wa watoto, Tanga: niende chekechea au nikae na video?

Binti Raskazone: Habari zenu wakuu. Nasoma saikolojia Dar, likizo narudi Tanga. Nimepata nafasi mbili. Moja kuzunguka shule za chekechea kufanya majaribio na watoto, nyingine kutazama video zilizokwisharekodiwa na kuandika kila anachofanya mtoto. Nishike ipi? Mwisho wa kujibu Ijumaa.

Mzee wa Ngamiani: Mwaka wa ngapi mwanangu? Posho ipo? Nauli anatoa nani?

Mwalimu wa Makorora: Nenda shuleni. Video haikufundishi kukaa mkekani na mtoto wa miaka minne aliyegoma kusema.

Kijana wa Chumbageni: Video! Niliwahi kuingia mradi mmoja wa mashuleni, siutaji. Tuliambiwa tuanze, fomu za ridhaa zitafuata. Mama mmoja akaja juu: mwanangu anaulizwa nini, kwa ruhusa ya nani? Haki yake kabisa. Mwalimu mkuu akatutoa, majibu ya watoto wote wa shule ile yakatupwa, posho hatukuiona. Wakubwa wako Dar, tunaofokewa getini ni sisi. Dai kwanza uone kibali cha maadili na barua ya halmashauri.

Bi Pongwe: Video nazo zinafunza. Watu wawili mnamwandika mtoto yuleyule bila kuchunguliana, kisha mnapima mnavyokubaliana kwa kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kinachotoa yale ya bahati tu. Hapo ndipo unajua umeona au umekisia.

Mzee wa Ngamiani: Majaribio yenyewe yapi? Kama ni ya Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, mtoto anaulizwa kama maji ya glasi mbili ni sawa, ya moja yanamiminwa kwenye glasi nyembamba, anaulizwa tena, basi mtawaonea watoto wetu. Mtoto akiulizwa na mkubwa swali lilelile mara mbili, anaona la kwanza amekosea, anageuza jibu.

Mwalimu wa Makorora: Si wa Tanga tu, mzee wangu. Mwaka 1974 watafiti McGarrigle na Donaldson waliwauliza watoto kama mistari miwili ya vitu ina idadi sawa, kisha wakamfanya mdoli dubu avuruge mstari mmoja, badala ya mtu mzima kuupanga upya, wakauliza tena. Watoto wengi zaidi wakajibu kwa usahihi, kwamba idadi bado ni ileile, maana sasa kuulizwa tena kulikuwa na sababu.

Kijana wa Chumbageni: Na zawadi je? Sisi tuligawa pipi.

Mwalimu wa Makorora: Pipi hapana! Penseli, na apewe hata aliyekataa kushiriki.

Bi Pongwe: Wa miaka minne penseli ataitafuna. Kalamu za rangi.

Binti Raskazone: Shikamoo mzee. Niko mwaka wa pili. Posho ipo, kiasi hawajasema. Barua ya halmashauri sijaiona.

Mzee wa Ngamiani: Marahaba. Posho ya ipi hiyo, ya shule au ya video?