Nikibana pumzi, kinachodunda mapafuni ni damu inayopita au ni mishipa tu?

Fundi_wa_Umoja

Hamjambo wenzangu. Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali hapa Nairobi. Shughuli yangu ya kila siku ni pampu za dripu na mashine za oksijeni.

Wiki jana tulionyeshwa mashine inayopiga picha ya mapafu kwa umeme, bila eksirei. Walipotaka mtu wa kujaribiwa nikavua shati. Nikafungwa mshipi wenye elektrodi 16 kifuani, chini ya makwapa, baridi na umelowa. Umeme wenyewe ni miliampea chache tu, tena wa masafa ya juu, kwa hivyo sikuhisi kitu. Unapitishwa kati ya elektrodi mbili jirani huku nyingine zikipima volteji, kisha zamu inahamia jozi inayofuata hadi duara liishe. Hivyo ni vipimo 208 kwa picha moja, na kila sekunde zinatoka picha nyingi.

Nikivuta pumzi, pande zote mbili zinajaa rangi ya buluu, maana hewa inazuia umeme na ukinzani unapanda. Hapo sina swali. Kisha nikaambiwa nibane pumzi. Buluu ikatulia, lakini pakabaki kitu kidogo kinadunda: doa la moyo likipanda, mapafu yanashuka, likishuka yanapanda. Mkufunzi akasema, "Hiyo ndiyo damu ya mapafuni, tena bila sindano," akaenda ukurasa mwingine.

Je, ni kweli? Nauliza kwa sababu mwaka jana mamangu alipata donge la damu lililotoka mguuni likakwama mapafuni. Skani ya hospitali tuliyokuwa imeharibika, tukapakiwa kwenye ambulansi kuvuka mji, na pale Pangani tukakwama kwenye jam. Nilikaa miguuni pake nikitazama mshale wa mtungi wa oksijeni ukikaribia nyekundu. Mashine ambayo ingeonyesha damu pale pale kitandani naitaka sana, ila sitaki kujidanganya.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Pole kwa mama, kaka. Mkufunzi wako alikata njia. Mdundo unaonyesha kwamba mishipa inatanuka na kusinyaa kila moyo unaposukuma. Huo si mtiririko. Mshipa unaweza kudunda vizuri na damu isisonge mbele inavyopaswa.

Wanaotaka kuona mtiririko wenyewe hutumia maji ya chumvi kali. Si ile dripu ya kawaida ya asilimia 0.9, ni ya asilimia 5 hadi 10, mililita 10 hivi, zinasukumwa kwa mkupuo kupitia mpira ulioingizwa kwenye mshipa mkubwa, mara nyingi wa shingoni. Mashine ya kupumulia inasimamishwa sekunde 8 au zaidi. Chumvi inapitisha umeme kuliko damu, kwa hivyo ukinzani unashuka kwanza moyo wa kulia, kisha mapafuni, kisha moyo wa kushoto. Sehemu ya pafu isiyoshuka ndiyo isiyopata damu. Ukilinganisha na picha ya hewa, unaona mahali hewa inaingia lakini damu haifiki. Hiyo ndiyo sura ya donge.

Kwa hivyo ile "bila sindano" mwambie mkufunzi wako aifute. Na mwenye betri ya moyo asifungwe mshipi huo.

Mwalimu_Kasarani

Naongeza upande wa fizikia. Eksirei inapita kwa mstari ulionyooka, umeme unasambaa kila upande. Kutoka vipimo vya ukingoni kurudi kwenye kilichomo ndani ni hesabu ngumu mno; Calderón, mwanahisabati wa Argentina, aliiandika rasmi mwaka 1980, na Barber na Brown wa Sheffield wakaanza kupata picha za mwili miaka hiyo hiyo.

Na wanafunzi wangu tulitoboa beseni la Gikomba, tukafunga skrubu 16, tukajaza maji ya chumvi na kuzamisha kiazi. Kiazi kikiwa karibu na ukingo kilionekana vizuri. Tulipokisogeza katikati kikawa wingu. Tukaweka viwili karibu karibu, mashine ikaona kimoja kikubwa. Watoto walinyamaza, maana walikuwa wanaviona kwa macho yao vikiwa viwili.

Sasa fikiria moyo: unajikunja, unajizungusha, unasogea ndani ya mapafu yanayosogea. Ukubwa wa lile doa usiuchukue kuwa ndio kiasi cha damu kinachosukumwa. Iko njia nyingine ya kukadiria hicho, ya elektrodi za shingoni na kifuani, aliyoijenga Kubicek na wenzake Minnesota miaka ya 1960 kwa ajili ya wanaanga, lakini ile inatoa namba, haitoi picha.

Fundi_wa_Umoja

Asanteni sana, nimeelewa. Sista, swali moja tu. Mama siku ile alikuwa anapumua mwenyewe, na hakuwa na mpira shingoni. Mshipi ungemsaidia?

Sista_Zamu_ya_Usiku

Siku ile, hapana. Mtu anayehema vile hawezi kubana pumzi sekunde 8, na hakuna ambaye angemtia mpira wa shingoni kwa ajili ya picha tu. Skani ilikuwa lazima. Ninaowaona wakifaidika ni walio tayari kwenye mashine ya kupumulia, mpira upo, na hali yao haituruhusu hata kuwatoa mlangoni. Hao unaweza kuwarudia leo na kesho bila kuwasogeza.

Mama anaendeleaje sasa? Bado anameza dawa ya kuzuia damu kuganda?