Marivyua wamekaa kimya, makala zimelala tangu mwaka jana, nifanyeje?

Karani_wa_Jarida:
Wakuu habari zenu. Mimi ni mhariri msaidizi kwenye jarida la isimu na fasihi la chuo kimoja hapa Tanzania, jina naomba niliache. Tunatoa matoleo mawili kwa mwaka, na kazi yote ya kupokea makala, kutafuta marivyua (wasomi wa kupitia makala kabla hatujazichapisha), kukumbusha na kurudisha kwa waandishi naifanya mimi huku nina vipindi na mitihani ya kusahihisha. Tunatumia OJS, ule mfumo wa mtandaoni wa kuendesha majarida. Sasa hivi makala 23 zimekwama, moja iliingia mwezi wa tatu mwaka jana, nimeshaomba watu saba, wawili wakakataa kistaarabu, mmoja akakubali halafu akapotea, wanne kimya mpaka leo. Jana mwandishi wake kanipigia, wala hakunifokea, bora hata angefoka. Kaniuliza tu taratibu "dada, ile makala yangu ipo kweli?" Anasubiri kupanda daraja na muda wa kupeleka maombi unakaribia kuisha. Usiku usingizi haukuja.

Mhariri mkuu ananiambia tuma rimainda, nimetuma mpaka naona aibu. Halafu kuna jambo jingine, mwandishi mmoja alipendekeza marivyua wawili yeye mwenyewe, wote wamejibu ndani ya siku moja na wamesifia mwanzo mwisho. Nifurahi au niogope?

Fundi_Seva:
Pole sana dada. Kabla hujawalaumu hao wanne, jiongeze mwenyewe kama rivyua kwa Gmail yako binafsi, jitumie ombi uone linaangukia wapi. Mimi naangalia seva za majarida matatu na yote nilikuta ugonjwa huohuo, imeili za OJS zinaishia spamu kwa sababu seva inatuma kwa jina la chuo wakati chuo hakijaweka SPF na DKIM, yaani rekodi za kuitambulisha hiyo seva kuwa ina ruhusa ya kutuma kwa jina lake, kwa hiyo Gmail inaona kama tapeli. Mtu hajakunyamazia, hajakuona kabisa. Peleka hilo kwa watu wa IT, sio kazi ya wiki nzima.

Pia ingia kwenye setingi za mapitio kuna sehemu ya kumpa rivyua linki ya moja kwa moja ndani ya imeili, iwashe. Profesa akibonyeza kwenye simu anaikuta makala, haulizwi paswedi aliyoisahau miaka mitatu iliyopita. Hapohapo kuna rimainda za kujituma zenyewe, unapanga siku ngapi baada ya tarehe kupita, ila hakikisha na kwenye seva zile kazi za ratiba zimewashwa, la sivyo utapanga na hakitatoka kitu.

Mzee_wa_Miswada:
Binti yangu, nimekaa kwenye kiti cha uhariri miaka 14. Fundi amesema kweli, lakini hizo 23 nina wasiwasi kumi hazikustahili kutoka mezani kwenu. Hiyo ni kazi ya mhariri mkuu wako, mwambie kwa heshima. Makala ikiingia mimi nilikuwa nasoma ikisiri, kurasa mbili za mwanzo, kisha naruka kwenye marejeo. Ukikuta mtu anaandika kuhusu ngeli za nomino na rejeo lake la karibuni kabisa ni la 1998, au swali la utafiti hulioni popote, unamrudishia ndani ya wiki mbili ukimweleza nini kimepungua. Inauma, ila kumweka mwaka mzima halafu umkatalie inauma zaidi na unakuwa umemchosha rivyua bure.

Na ile barua inayotoka kwenye mtambo usiitume vilevile. Futa, andika mwenyewe mistari minne, mwambie kwa nini umemfikiria yeye, kwamba tasnifu yake iligusa lahaja hiyohiyo, na unaomba wiki tatu. Usiwakimbilie maprofesa tu, wana foleni. Waliomaliza PhD juzijuzi wanasoma kwa makini mno, mara nyingine mpaka koma wanazihesabu.

Pwani_Mombasa:
Naongeza kidogo kwa Mzee. Sisi huku Kenya kila mwisho wa mwaka tunawatumia barua ya shukrani yenye muhuri, kwamba fulani alitupitia makala kadhaa, bila kutaja ni zipi. Wanaiweka kwenye faili la kupandishwa cheo. Pesa hatuna, lakini hiyo barua wanaiulizia wenyewe.

Kuhusu wale wawili wa siku moja, ogopa dada yangu. 2012 kulizuka kesi ya mtafiti wa Korea Kusini aliyekuwa anapendekeza marivyua wenye imeili alizozifungua mwenyewe, anajisifia kazi yake, na kilichomshtua mhariri ni hichohicho, majibu kurudi ndani ya saa 24. 2015 wachapishaji wa Springer wakafuta makala 64 kwa sababu ya mapitio ya kughushi. Usimtuhumu mtu bado. Tafuta imeili zao kwenye tovuti za vyuo vyao, uwaandikie huko uwaulize kama ni wao waliopitia. COPE, ile kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, wana mwongozo wa hatua kwa hatua wa jambo hili, ufuate huo, na makala mtafutie wasomaji wengine wawili.

Karani_wa_Jarida:
Shikamoo Mzee, na asanteni sana nyote. Fundi, nimejitumia ombi asubuhi hii, nimelikuta spamu, kati ya tangazo la mkopo na la dawa za nywele. Nimekaa nikaliangalia kwa muda. Nikawapigia simu wale wanne mmoja mmoja, watatu wamesema hawajaona barua yoyote, na wawili kati yao wamekubali palepale, mmoja kaniambia "ungenipigia siku ileile mwanangu." Nimempigia na yule mwandishi, nimemwomba radhi, nimemwambia makala yake inasomwa kuanzia leo na tarehe 20 nitampigia tena mimi mwenyewe. Wale wawili wa siku moja nimewaandikia kupitia vyuo vyao, nasubiri. Jumatatu nina kikao na mhariri mkuu kuhusu hizo 23, naprinti maneno ya Mzee niende nayo.