Nimemlipa dalali kodi ya mwezi mzima anionyeshe nyumba ninayoiona kila siku dirishani kwangu

Wakuu, habari za Jumapili. Mods, naomba huu uzi msiuunganishe na zile nyuzi nyingine za madalali. Zile ni za watu waliotapeliwa wakakimbiwa. Mimi sijatapeliwa. Nimelipishwa mchana kweupe, na aliyenilipisha nakutana naye kila asubuhi kijiweni kwenye kahawa, ananiamkia "shikamoo bosi wangu" na mimi naitikia. Hicho ndicho kinachonipandisha presha.

Naishi Tabata hapa Dar, mtaa sitautaja, wahusika nao wana simu. Nimekaa nyumba moja miaka saba. Vyumba viwili, sebule, jiko na choo ndani, 220,000 kwa mwezi. Maji yanatoka Jumanne na Ijumaa, tena usiku, lakini tulishazoea, nilinunua simtank yangu maisha yakaendelea. Mwenye nyumba alikuwa mzee mmoja mstaarabu sana. Tunalipa miezi mitatu mitatu, ukikwama unamfuata unamweleza, anakwambia "mwanangu, usinisahau tu". Novemba 2024 akatutoka. Mke wangu alikuwa jikoni kwenye ule msiba siku zote tatu, vidole vilimvimba kwa kumenya vitunguu.

Arobaini ilipoisha ndipo tukamjua mrithi.

Huyu kijana nimemwona akiwa na sare ya shule ya msingi. Aprili kanitumia sauti WhatsApp. Hakuja, hakupiga, katuma sauti, na nyuma yake unasikia muziki wa baa. "Bro, kuanzia Julai ile nyumba ni laki tatu na nusu, na mimi nachukua mwaka. Kama haikai, mwisho wa Juni niachie funguo." Laki tatu na nusu mara kumi na mbili ni 4,200,000. Niliisikiliza mara tatu, kisha nikampa mke wangu simu naye asikilize, nikidhani labda mimi ndiye nimekosea kusikia.

Nikamfuata tukae kama watu wazima. Nikamtajia na kodi ya jengo, ile ya serikali. Mnakumbuka ilianza kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, Agosti 2021, elfu moja kila mwezi, Julai 2023 ikapanda ikawa 1,500. Mita ni yangu peke yangu, kwa hiyo miezi 23 ya mwanzo ni 23,000, na 24 iliyofuata hadi Juni 2025 ni 36,000. Jumla 59,000 nimemlipia kodi ya jengo lake. Tangu siku ya kwanza ilielezwa wazi kwamba kodi hiyo ni ya mwenye jengo, mpangaji akikatwa wamalizane wenyewe. Marehemu mzee kila mwaka alikuwa anasema tutapiga hesabu, nami sikumbana. Mrithi kacheka. "Bro, si ulikuwa unatumia umeme?"

Nikaona huyu nikiendelea kuongea naye nitamzaba kofi, kisha niwe mimi ndiye mkosaji. Nikaondoka.

Sasa najua humu kuna wale wa "jenga kwako mkuu". Kiwanja ninacho, kipo Chanika, pembezoni kabisa mwa jiji, na msingi umekwisha, umeota majani. Na wale wa "hamia pembeni ya mji kodi ni rahisi". Sikilizeni. Binti yangu wa kwanza, Neema, yuko darasa la saba, mtihani Septemba. Nimtoe shule Julai nimpeleke wapi? Au apande daladala mbili alfajiri ya saa kumi na moja, miezi miwili kabla ya mtihani? Mke wangu anauza chapati na maandazi barazani, wateja wake ni wa mtaa huu huu, wengine wanachukua kwa daftari wanalipa mwisho wa mwezi. Hilo daftari huwezi kuhama nalo.

Na kuna mama yangu. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona kwa mazoea. Kutoka mlangoni kwetu hadi msikitini anahesabu: ukuta wa duka la mangi, mfereji, mwembe, kisha kiwiko cha ukuta wa msikiti. Anaenda peke yake Alasiri na kurudi, hashikwi mkono. Mke wangu aliposema "tutafute hapa hapa", mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakusema kitu, ila mikono ilisimama kidogo halafu ikaendelea. Nikajua hapo hakuna mjadala tena.

Kwa hiyo familia iliamua kuhama bila kuhama. Na hapo ndipo tulipojiuza wenyewe, kwa sababu ndani ya siku mbili mtaa mzima unajua Baba Neema anatafuta nyumba na hawezi kutoka nje ya mtaa. Ukishajulikana huwezi kwenda mbali, bei unapangiwa.

Nyumba niliyoipata iko hatua 140 kutoka ile ya zamani. Nimezihesabu. Dirisha letu la chumbani lilikuwa linaangalia geti lake, miaka saba nafungua pazia naliona lile geti la bluu. Mei nikaona wapangaji wa upande mmoja wanatoa vitu. Siku ile ile nikagonga. Mama mwenye nyumba namfahamu, ananifahamu, tumekaa wote vikao vya msiba. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza vizuri kabisa, halafu: "Baba Neema, mimi nyumba nimemkabidhi yule kijana. Ongea naye, mimi sipendi maneno na wapangaji."

Yule kijana ni dalali. Anashinda pale kona kwenye kibanda cha mkaa, ubao wake umeandikwa kwa chokaa VYUMBA NYUMBA VIWANJA FREMU. Nikamfuata. Nikamwambia mdogo wangu, ile nyumba nimetoka kuongea na mwenyewe sasa hivi, nipe tu bei. Akaniambia bosi wangu utaratibu ni utaratibu, hela ya kuonyesha ni elfu kumi na tano. Nikamwambia nyumba ile pale, tunaiona wote. Akasema ndani hujaingia.

Nikatoa 15,000. Akatembea mbele yangu, hatua labda sitini, akagonga lile lile geti nililotoka kugonga mimi. Akafungua yule yule mama. Akasema "mama nimekuletea mteja". Mama akasema karibuni. Wakuu, wote watatu tuliigiza, hakuna aliyecheka.

Kodi 280,000, miezi sita mbele, na ya dalali mwezi mmoja. Nikaomba miezi mitatu, ikashindikana. Dalali kanivuta pembeni, kashusha sauti: kuna mtu wa benki anakuja saa kumi na hela mkononi. Huyo mtu wa benki anakuja saa kumi kwenye kila nyumba ya Dar es Salaam, sijui kazini anafika saa ngapi. Lakini nilipaniki. Mimi, mtu wa miaka 44, ninayejua ule uongo, nilipaniki, kwa sababu ningeikosa ile ingebaki Chanika kwenye majani.

Hela ilivyopatikana ni uzi mwingine. Kwa kifupi, mke wangu alikuwa namba nane kwenye mchezo wao wa akina mama wa kuchangiana hela kwa zamu, akabembeleza akapewa namba tatu, na aliyempisha anamdai shukrani mpaka leo. Mimi nikakopa kikoba. Mimi nalipwa nikishafanya kazi siku thelathini. Mwenye nyumba analipwa miezi sita kabla sijalala hata usiku mmoja, halafu ananiambia hapendi maneno.

Marehemu baba alipanga Magomeni miaka ya themanini. Alikuwa anasimulia mtu alivyokuwa akimburuza mwenye nyumba kwenye baraza la kesi za nyumba kwa kupandishiwa kodi. Kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984. Ikafutwa 2005. Wamesema ilikwamisha watu kujenga nyumba za kupangisha, sawa, inawezekana. Lakini mahali pake wamemwekea mpangaji nini? Imebaki Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba uliotia saini, na mkataba kauandika mwenye nyumba. Ukiona umeonewa lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nani mwenye mtoto wa darasa la saba anafungua kesi mwezi wa sita?

Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi. Mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, aliniambia elfu arobaini, nikamwonyesha tunakokwenda kwa kidole, akasema bosi kupakia ni kupakia. Nikachukua guta la matairi matatu, tripu saba kwa elfu tano tano. Na huku kuhama hatua 140 ni kubaya kuliko kuhama mkoa. Ukihama mkoa unapakia usiku, asubuhi haupo. Sisi vyombo vyetu vimepita mbele ya kijiwe cha kahawa mara saba, taratibu, watu wanasogeza miguu guta lipite. Godoro lina doa ambalo Neema alilifanya akiwa na miaka miwili, limepita likiwa limesimama kama bango. Kabati halikuingia mlangoni, likakaa nje hadi Magharibi. Jioni mtaani habari ni kwamba tumefukuzwa. Mke wangu hakuinua uso siku nzima, na tripu ya mwisho alibeba mwenyewe lile kaango la chapati kichwani.

Tukafika, bomba kavu. Kumbe mpangaji aliyetoka kaacha deni la maji 46,000, na huduma imekatwa. Nikamfuata mama mwenye nyumba. "Hilo mngeulizana na dalali." Nikamfuata dalali. "Bosi wangu, mimi naonyesha nyumba, mita sionyeshi." Nikalipa.

Pigeni hesabu na mimi: kodi 1,680,000, dalali 280,000, kuonyesha 15,000, maji 46,000, guta 35,000. Ni 2,056,000. Hatua 140. Hata sijabadilisha duka la kununulia sukari.

Na bado. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri mke wangu kawasha jiko barazani kama kawaida. Saa kumi na mbili kasoro mama mwenye nyumba katoka na khanga yake: "Mama Neema, humu ndani biashara haturuhusu, moshi unaharibu rangi." Nikaenda kuchukua mkataba. Kweli, ukurasa wa pili, kipengele cha tisa. Geti saa nne usiku, mgeni asilale zaidi ya siku tatu, biashara hapana. Mimi nilisaini ukurasa wa mwisho juu ya bonnet ya gari huku dalali ananiambia ni yale yale ya kawaida. Hili ni kosa langu, na mtakaonisema kwenye hili mna haki. Lakini huyu mama amekula chapati za mke wangu miaka saba! Alikuwa kwenye daftari! Alijua kabisa kwamba hii familia inakula kwa lile jiko, na akachukua miezi sita yake akanyamaza.

Sasa hivi mke wangu anapikia kwenye baraza la fundi cherehani, anamlipa elfu mbili kwa siku. Wateja baadhi wamepotea, si kwa kuwa ni mbali, ni kwa sababu ya kona. Watu wa Dar hawakati kona kwa ajili ya andazi.

Mama yangu naye tumemkuta mara mbili amesimama kwenye geti la zamani, anapapasa komeo. Msikitini anafika vizuri. Kurudi ndiko kunamshinda, miguu inampeleka kule. Mara ya pili mrithi alikuwepo, kampigia Neema simu, "njoo umchukue bibi yako". Hapo nakiri hakumfokea.

Nyongeza: kuna mkuu hapo chini kauliza kwa nini sikumzunguka dalali nikalipana na mama kimya kimya. Nilijaribu mkuu, nimeeleza. Baadaye dalali mwenyewe, tukiwa kwenye kahawa, kanichekea akaniambia ile laki mbili na themanini hakuichukua yote, nusu ilirudi ndani getini. Sina ushahidi, na mama sijamuuliza, kwa sababu ana miezi yangu mitano mkononi. Na wewe uliyesema wapangaji tuna dharau, njoo Tabata nikunulie chapati. Utakata kona mbili.

Nyongeza ya pili, na hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Alhamisi usiku napitia status za watu nakuta dalali kaweka nyumba yangu ya zamani. "Nyumba kali, vyumba viwili, maji masaa 24, 350,000 × 12." Picha nne. Kwenye ya kwanza mapazia ni ya mke wangu, inaonekana alipiga siku tunahama hata hatujamaliza kutoa vitu. Ya tatu ni mlango wa jikoni, kwa karibu. Kwenye fremu, upande wa kushoto, zinaonekana alama za penseli nilizokuwa nampimia Neema urefu kila Januari, na miaka nimeiandika pembeni, 2019 hadi 2025. Chini kaandika: kuonyesha 15,000.

Nimemwandikia aitoe ile picha ya tatu. Kajibu saa ile ile: "Sawa bosi wangu. Ila ukipata mteja nishtue, tutagawana."