Zaka ya mwanangu aliyeko Marekani: niendelee kuipeleka kanisani hapa Mwanza?

Mama wa Mwaloni

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na ambao si wa imani yetu nawasalimu kwa amani.

Mimi ni mama wa miaka 58, nauza dagaa hapa mwalo wa Kirumba tangu 2003. Mwanangu wa pili aliondoka 2019, yuko St. Cloud, jimbo la Minnesota, anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kila mwisho wa mwezi hunitumia hela, na ndani yake kuna fungu ambalo huniambia, "Mama, hii ni ya Bwana, usiiguse." Siigusi. Naitoa kwa wakala, naitia kwenye bahasha ya zaka, naandika jina lake na namba yake ya ushirika kwa mkono wangu mwenyewe. Ile namba aliyopewa akiwa kwaya ya vijana bado ni yake. Nimefanya hivyo miaka miwili sasa.

Jumapili iliyopita mzee wa kanisa alisoma majina ya waliomaliza ahadi za ujenzi. La mwanangu lilitangulia. Makofi, vigelegele, nikaambiwa nisimame kwa niaba yake. Nikasimama. Watu wananitazama kwa furaha, na mimi nakumbuka maneno yake ya Alhamisi.

Alhamisi nilimuuliza tu kama mama anavyouliza: Jumapili mlihubiriwa nini? Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Mama, sijaingia kanisani tangu Pasaka ya mwaka juzi."

Hajaiacha imani, naomba mnielewe. Tukiwa kwenye video namwona anainamisha kichwa kabla ya kula, amevaa zile nguo zao za bluu za kazini, wenzake wanapita nyuma yake wala haoni haya. Biblia ndogo niliyomfungia kwenye begi iko juu ya friji lake, naiona. Lakini Jumapili ama yuko zamu ama amelala fofofo. Nikamuuliza, sasa unaomba na nani? Akasema, "Na wewe, kwenye simu."

Ndugu zangu, hapo ndipo miguu iliponiishia nguvu. Hapa mimi nikikosa ibada mbili tu, watu wanakuja. Mwezi wa tatu nililala na malaria siku sita. Akina mama wa ushirika wetu wa nyumbani walileta uji, mmoja akafua na nguo zangu akaanika, hakuniuliza. Mwanangu akiugua kule, nani atagonga mlango? Na sisi tunampigia makofi mtu asiye na kanisa kana kwamba amekaa benchi la mbele.

Swali langu: niendelee kupeleka hii zaka hapa, au nimrudishie nimwambie atafute kwanza mahali pa kusali? Naogopa nikimrudishia ataona nimemfukuza. Naogopa nikiendelea ataona bahasha inatosha. Sitaki jibu la "Marekani imemharibu", hilo nimeshalisikia la kunitosha.

---

Mtumishi Magu

Mama, pole. Nitasema kwa upendo lakini nitasema. Malaki 3:10 inataja zaka kamili ipelekwe ghalani, na ghala la mtu ni pale anapolishwa neno. Yeye kwenu halishwi tena. Waebrania 10:25 nayo inakataza kuacha kukusanyika pamoja. Simu si kusanyiko. Mrudishie, na umwambie wazi kwamba kanisa linamtaka yeye kabla ya fedha yake. Mtoto mzuri kama huyo ataelewa.

---

Mhazina mstaafu, Sengerema

Mama wa Mwaloni, nimetunza hazina ya kanisa miaka kumi na moja, nimefungua bahasha nyingi. Usimrudishie.

Nakumbuka bahasha za wavuvi wa dagaa kutoka visiwani. Zilikuja na mitumbwi, zimefungwa kwenye nailoni, zikifunguliwa zinanuka samaki hadi kwenye daftari. Wenyewe kanisani hatukuwaona. Wewe unaijua kazi hii kuliko mimi: kwenye giza, siku zisizo na mbalamwezi, taa ziko ziwani usiku kucha, Jumamosi usiku nao ni usiku, na alfajiri ya Jumapili dagaa zinataka kuanikwa, hazisubiri kengele. Hatukumrudishia mvuvi hata mmoja bahasha yake. Tulichofanya, mwinjilisti alikuwa akivuka wakati wa mbalamwezi, boti zikiwa zimepaki, hata kama ni Jumanne. Anakaa nao siku nne, tano, anabatiza, anasuluhisha ugomvi, anarudi. Ibada iliwafuata watu kwa kalenda ya mwezi, wala hakuna aliyesema wale wamepoa.

Wauguzi wa Bugando nao, askari, walinzi wa usiku, makondakta. Tuna watu wengi wa namna hiyo hapa hapa, tusijifanye jambo limeanzia Marekani.

Nisichokubaliana nacho ni kusoma majina. Tulianza taratibu hiyo kwetu pia, nikaona inavyowafanya wenye bahasha nyembamba wakae nyuma. Bora mnada wa baada ya ibada: kuku wa bibi mmoja ananunuliwa, anarudishwa, ananunuliwa tena, na bibi anacheka. Pale mtu yupo mwenyewe. Nenda kwa mchungaji wako, umwambie asilitangaze jina la mtoto, na umwambie na sababu. Hilo la pili ndilo kubwa.

---

Mjukuu wa Nassa

Naongeza kidogo. Babu yangu aliamini pale Nassa, mahali ambapo wamisionari wa Africa Inland Mission, shirika lililoanzia Marekani mwaka 1895, walipokea kazi kutoka kwa CMS, shirika la kimisionari la Waanglikana, mwaka 1909. Babu alishika Jumapili hadi kifo. Siku hiyo hakuna jembe, hakuna wavu, hata kuni zilikatwa Jumamosi. Kwa hiyo nilipofika Marekani kwa masomo nilitegemea kukuta nchi imenyamaza Jumapili. Nikakuta maduka wazi, foleni, malori ya mizigo yanashusha.

Kule makanisa yapo kila kona, ila uanachama umeshuka sana. Gallup, kampuni ya kura za maoni, imekuwa ikiwauliza Wamarekani habari hiyo tangu 1937. Mwaka 1999 asilimia 70 walisema ni washirika wa kanisa, sinagogi au msikiti fulani, na mwaka 2020 ikawa asilimia 47. Nalisema hili ili mama ajue kwamba mwanao haishi mahali ambapo jirani atamgongea ukuta Jumapili asubuhi amwambie twende. Mtu hujipeleka mwenyewe, na kujipeleka ukiwa umechoka ni kazi.

---

Dada wa zamu ya usiku

Shikamoo mama. Mimi ni mtoto wa Nyakato, nina miaka tisa hapa Minnesota, na kazi ya mwanao ndiyo niliyoanza nayo. Ngoja nikupeleke ndani yake.

Zamu ya usiku mara nyingi huanza saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Ibada yenu ikianza saa nne asubuhi, huku ni saa saba au saa nane usiku wa kuamkia Jumapili hiyo hiyo, kutegemea majira, kwa sababu huku saa husogezwa mara mbili kwa mwaka. Ninyi mnaimba wimbo wa kwanza, mwanao anamgeuza mzee ubavu wa pili. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa karibu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongoni. Saa hizo ndizo wazee wengine huita mama zao. Mmoja wangu, bibi wa miaka 91, alikuwa ananishika kidole kimoja tu, hiki cha shahada, hataki niondoke mpaka nimwimbie. Nilimwimbia Kiswahili. Alikuwa anatulia. Sikwambii hiyo ni badala ya kanisa, nakwambia ili ujue mikono ya mtoto wako iko wapi wakati unamwandikia bahasha.

Akitoka saa moja asubuhi, kama ni Januari, baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 20 za hasi, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwanza. Ibada ni saa tatu au saa nne. Mimi nimewahi kulala kwenye gari nje ya kanisa, injini inaunguruma, nikaamshwa na milango ya watu wanaotoka.

Sheria ipo, amwambie bosi wake. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inamtaka mwajiri mwenye watu 15 au zaidi ampe mfanyakazi nafasi ya ibada yake, isipokuwa kama itamletea mzigo mkubwa. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa, waliikazia kwenye kesi ya Gerald Groff, mfanyakazi wa posta wa Pennsylvania aliyekataa kufanya kazi Jumapili: mwajiri hawezi kukataa kwa usumbufu mdogo tu. Mimi niliomba kwa barua, nikapata Jumapili mbili kwa mwezi. Pia makanisa mengi huku yana ibada ya Jumatano jioni, yenye chakula. Watu wanakula meza moja, na pale ndipo mtu hujulikana jina.

Ila mama, kuna jambo moja, na naomba ulipokee kutoka kwa mtoto. Kazi hizi mara nyingi ni wikendi moja kazini, wikendi moja nyumbani. Kama hajapata Jumapili tangu Pasaka ya mwaka juzi, kuna uwezekano anachukua na zamu za wenzake. Saa zinazozidi 40 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu, na hiyo ndiyo hela ya kutuma nyumbani. Nasema hivyo kwa sababu niliuza Jumapili zangu miaka mitatu kwa ajili ya nyumba ya baba. Baba hakujua. Mimi ndiye sikumwambia, maana kila akinipigia alikuwa na furaha ya lenta imefungwa, bati zimefika. Sikulaumu hata kidogo. Muulize tu wikendi zake zinaenda wapi.

---

Mama wa Mwaloni

Marahaba mwanangu. Wabeja sana, na ninyi nyote. Nilikaa siku tatu sijajibu kwa sababu ya hilo lako la mwisho.

Nina daftari la dagaa. Mbele naandika magunia na wanaonidai na ninaowadai, nyuma naandika vya nyumbani. Juzi usiku nikaligeuza nyuma, nikahesabu kwa kidole alichotuma tangu Januari: bati za nyumba, ada ya mdogo wake muhula mzima, injini ya mtumbwi wa mjomba wake, msiba wa shangazi, macho yangu hospitalini, mchango wa harusi ya mtoto wa jirani ambaye yeye hamjui hata kwa sura. Katika hayo sita, manne niliomba mimi. Na ile ahadi ya ujenzi iliyopigiwa makofi, wapendwa, ni mimi niliyemwandikisha bila kumuuliza. Nilimwambia baadaye, akasema "sawa mama". Sijawahi kusikia akisema kitu kingine.

Nikakesha mpaka saa tano usiku, kwake ni saa tisa alasiri, anakuwa ameamka. Nikamuuliza wikendi. Akacheka kidogo, akasema ni kweli, anachukua za wenzake. Nikamwambia mwezi huu asitume kitu, wala hiyo ya Bwana asinitumie, Bwana anajua alipo. Akauliza, "Na ada?" Nikamwambia ada ni yangu, giza hili dagaa zimetoka vizuri, nina magunia kumi na nne yamekauka safi, hayana mchanga. Akanyamaza tena. Safari hii nilijua mtandao haujakata, nilikuwa namsikia anapumua.

Mtumishi Magu, umesema kanisa linamtaka yeye kabla ya fedha, hilo nimelichukua. Bahasha sijairudisha. Ya mwezi uliopita bado iko ndani ya Biblia yangu, ataniambia mwenyewe iende wapi akishapata pa kukaa. Mhazina, nilikwenda kwa mchungaji jana. Nilidhani atakasirika. Aliniuliza namba ya simu ya mtoto, akaiandika kwenye kiganja kwa sababu karatasi haikuwepo, akasema atampigia yeye, siyo kuhusu ujenzi.

Dada wa zamu ya usiku, nimemwambia habari zako. Anasema Jumatano hana zamu. Hizo ibada za jioni ulizosema, chakula huwa kabla au baada? Nataka nimwambie asiende ameshiba.