Ukiona nyama ya paa yavushwa usiku: uripoti ama unyamaze?

Mkaazi wa Likoni: Nduguzangu, tusifichane. Nyama ya paa na digidigi yauzwa mitaani kwetu kwa jina la mbuzi. Yatoka upande wa Kwale, yaja kwa bodaboda ndani ya gunia, yavuka feri kabla ya alfajiri. Mimi nasema tukiona turipoti, polisi au KWS, shirika la wanyamapori. Mtego wa waya hauchagui: leo wanasa paa, kesho palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, na palahala Kenya nzima wamebaki hifadhi ya Shimba Hills peke yake. Hawa watu wa Kinango wanatumalizia wanyama, kisha watulisha vibudu.

Mwana wa Kinango: "Hawa watu wa Kinango" ni kina nani? Taja mtu, usitaje watu. Mimi ni wa huko na sijatega hata kanga. Ndovu wakiingia mashambani tukapiga simu, twaambiwa gari halina mafuta. Digidigi mmoja akifa, mwataka tufungwe sote.

Mwanafunzi wa Madrasa: Hapo kwa vibudu ndipo pa kushika. Mnyama aliyekufa kwa kunyongwa ni haramu, imo katika Suratul Maida, aya ya tatu. Anayekuuzia amekula pesa yako na kuichezea dini yako.

Fundi wa Majengo: Pole pole, shekhe. Aya inayofuata yaruhusu kuwinda. Aliyepigwa mshale kwa bismillahi je?

Mwanafunzi wa Madrasa: Nani ametaja mshale? Mwenye mada amesema waya. Na aya hiyo yazungumzia wanyama waliofunzwa kuwinda, si waya wa breki ya baiskeli. Soma kabla hujanisahihisha.

Mama Kisauni: Mie nauliza afya. Nyama hiyo haijapita kwa mkaguzi. Ziwa Nakuru nyati wengi walikufa kwa kimeta mwaka 2015. Paa akifa kichakani, nani amempima? Nina watoto wadogo.

Dereva wa Matatu: Kuripoti twataka, lakini kwa nani? Jamaa mmoja alikwenda kituoni asubuhi. Jioni mwenye bodaboda akaja mlangoni kwake kumuuliza amemkosea nini. Tangu siku hiyo mtaa mzima hauoni wala hausikii.

Mkaazi wa Likoni: Ndiyo maana nikataja KWS. Na sheria ya wanyamapori ilipopitishwa 2013 iliweka faini isiyopungua laki mbili, au jela isiyopungua mwaka, kwa biashara ya nyama hii.

Mwana wa Kinango: Sheria hiyo hiyo yasema mtu akiuawa na mnyama, familia ilipwe milioni tano. Na mimea ikiharibiwa, kuna fidia. Kwetu kuna wajane waliojaza fomu hizo, wangoja hadi leo. Kifungu cha faini mwakijua kwa moyo, cha fidia hamna anayekitaja.

Fundi wa Majengo: Hapo umesema. Fidia kwanza, mengine baadaye.

Mama Kisauni: Kwani anayetega ndiye aliyeliwa mahindi? Wengine ni wafanyabiashara kabisa, wana friza. Mkulima mwenye njaa nitamhurumia. Mwenye friza hapana, na usimfiche nyuma ya wajane.

Mwana wa Kinango: Mama, kwa heshima yako, sijamficha mtu. Friza hizo haziko kwetu, stima yenyewe huku yaja na kwenda. Ziko Mombasa. Bila mnunuzi, mtegaji atajaza gunia la nini?

Mkaazi wa Likoni: Usinihusishe. Buchari wangu namjua tangu utotoni, na nyama yake ina muhuri.

Mwana wa Kinango: Muhuri uko kwenye paja la mbuzi aliyetundikwa. Ile iliyokatwa tayari, iliyo chini ya meza, muhuri wake umeuona wapi? Mwulize kesho mbele ya wateja. Akikosa jibu mripoti yeye, nami nitakutajia wanaotega huku.

Dereva wa Matatu: Kumbe wawajua.

Mwana wa Kinango: Nawajua, kijiji kizima chawajua. Twateka maji kisima kimoja, na nikiripoti sina pa kuhamia. Nipeni njia ya kusema bila jina langu kumfikia mtu wa bodaboda, nitasema leo hii.