Nyumba ya bibi Mji Mkongwe: lipu inafura, dari ina ufa, harusi inakaribia

BintiKiponda

Assalam aleikum nyote. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa nyumba za chokaa.

Nyumba ni ya marehemu bibi yetu, iko Kiponda, ghorofa mbili, kuta nene za mawe. Mpangaji ametoka, na sisi tunataka kuipaka rangi kabla ya harusi ya mdogo wangu mwezi wa pili. Nilidhani ni kazi ya makopo na brashi tu.

Ukumbini chini, ukuta wa upande wa kichochoro umefura. Ukiupapasa, unga mweupe unabaki kiganjani. Nimeuonja, ni chumvi tupu. Mama anasema zamani doa lilikuwa chini, usawa wa magoti, nyuma ya kabati la vyombo. Mpangaji akapigisha lipu ya saruji hadi kiunoni na kupaka rangi ya mafuta. Hiyo saruji haijatikisika mpaka leo, lakini juu yake, usawa wa kifua, ndiko kunakomeguka, na kila nikifagia asubuhi jioni kuna rundo jingine.

Pili, chumba cha kulala ghorofa ya kwanza. Boriti zinaonekana, na katikati yake kuna lipu nyeupe. Ufa umefuata boriti moja kuanzia ukutani, kando yake doa la rangi ya chai. Juu ya hapo ni choo.

Fundi aliyekuja anataka kukwangua, kupiga skimu ya jasi kote, na kufunika boriti kwa jipsamu bodi "ipendeze kwenye picha". Mjomba anataka lipu yote ing'olewe nyumba nzima ipigwe saruji. Mama, tangu Beit el-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, iporomoke Disemba 2020, hataki kusikia mtu anagonga ukuta. Nimsikilize nani?

Mkandarasi_Fuoni

Dada, usijichoshe. Ng'oa mpaka mawe yaonekane, piga saruji yenye dawa ya kuzuia maji, juu yake praima ya mafuta, rangi mikono miwili. Siku kumi umemaliza. Chokaa ni mambo ya mababu, nani ana muda wa kusubiri ikauke?

MuashiWaMalindi

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi ni muashi, kazi nimerithi kwa baba, na kuta za chokaa ndizo zilizonisomeshea watoto. Nitaandika kwa kirefu maana hapo juu unaelekezwa kule kule alikokwenda mpangaji wenu.

Hebu soma tena ulichoandika mwenyewe. Doa lilikuwa magotini, ikapigwa saruji hadi kiunoni, sasa liko kifuani. Ukifuata ushauri wa huyo bwana, mwakani utaniandikia kwamba limefika dirishani.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake nusu mita na zaidi, na msingi hauna nailoni ya kuzuia unyevu chini yake. Ukuta unakunywa unyevu wa ardhi miaka yote. Lipu ya chokaa inaruhusu unyevu huo utoke, upepo ukauchukua, na nyumba ikaishi. Ukiziba uso kwa saruji na rangi ya mafuta, maji hupanda mpaka yaipite hiyo saruji, yatokee hapo juu. Yanatoka na chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki, inaganda kuwa chembe ndani ya lipu, chembe zinakua na kuisukuma lipu nje. Ndilo hilo rundo unalofagia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji mwiko. Mvua ikinyesha, toka kichochoroni ukasimame usoni mwa ukuta huo huo. Tazama bomba la maji ya mvua linamwaga wapi. Tazama kama kichochoro kimepandishwa kwa zege kikapita usawa wa sakafu yenu ya ndani, hilo nalikuta kila mahali. Tazama na kipupwe (AC) cha jirani: mpira wake unadondosha maji wapi? Tone moja moja usiku kucha linalowesha ukuta kuliko mvua ya saa moja. Bila kuondoa hayo, hata chokaa yangu itadondoka.

Kisha ugonge. Mama asiogope, kugonga ni kwa kifundo cha kidole. Lipu iliyoshika hutoa sauti nzito, iliyoachana na ukuta inalia kama debe. Zungushia chaki palipolia. Hapo tu ndipo patatolewa, pamoja na saruji yote ya mpangaji, na kama nusu mita juu ya mstari wa chumvi. Lipu nzima iache. Mjomba mwambie kwa adabu kwamba lipu iliyokaa miaka mia bila kuachia haing'olewi kwa sababu jirani yake imeoza. Saruji itoke kwa patasi na nyundo ndogo, kwa kuinamisha patasi, taratibu. Mashine ya kuvunjia isiingie ndani ya nyumba hiyo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake, ukiivuta kwa nguvu inakuja na jiwe.

Mawe yakishaonekana, piga brashi kavu. Kavu, nasisitiza. Mafundi wengi wanaosha chumvi kwa ndoo na maji, na maji yanairudisha ndani. Iswage, izoe, itupe nje ya nyumba. Halafu acha ukuta uchi, madirisha wazi.

Hapa ndipo harusi yako inapoingia, na sitakudanganya. Ukuta mnene hukauka kwa makadirio ya sentimita 2 na nusu kwa mwezi, na huo ni ukuta ambao maji yamekatwa. Huo wa ukumbini hautakuwa tayari mwezi wa pili. Yeyote atakayekuahidi siku kumi anakuuzia picha za harusi, hakuuzii ukuta.

Wakati wa lipu ukifika, chokaa iwe imelowekwa. Ya tanuu inataka kukaa chini ya maji miezi isiyopungua mitatu, kisha ichujwe. Punje ambayo haikuzimika huenda ikanywa maji baadaye ndani ya lipu yako, ikavimba, ikaruka na kuacha shimo la ukubwa wa shilingi. Ya mifuko kutoka Tanga inafaa pia, iloweke angalau usiku mzima, ila soma mfuko vizuri usije ukauziwa saruji nyeupe. Kipimo ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga wa pwani marufuku, una chumvi. Mashimo marefu usiyajaze kwa lipu tupu, tomea kwanza kwa vipande vya mawe. Lowesha ukuta, piga tabaka isiyozidi sentimita moja, ichorechore kabla haijakaza, subiri ishike, ndipo upige ya pili. Kaskazi inakausha haraka mno, na lipu ya chokaa ikikauka kabla ya kukaza inabaki unga. Tundika magunia mabichi mbele yake na uyarashie maji. Chokaa hukaza kwa kurudisha kutoka hewani ile kaboni iliyoipoteza tanuuni, na hilo linahitaji unyevu na muda.

Vaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni osha kwa maji mengi hapo hapo kisha nenda hospitali, usisubiri kuona kama itapoa.

Jasi usiitie ghorofa ya chini hata kidogo. Ikipata unyevu inalainika.

MwanaAmu

Nakubaliana na mzee hapo juu. Huku Lamu tumeyaona hayo hayo: simiti ilipoingia kwa kurekebisha kuta za zamani, matumbawe yakaanza kuliwa nyuma yake.

Mimi wasiwasi wangu ni dari yako dada, kuliko ukuta. Ufa unaofuata boriti, pamoja na doa, pamoja na choo juu yake, hizo habari tatu hazifai kufunikwa na bodi. Boriti ya mkoko ni ngumu sana ikiwa kavu. Inapooza, huanzia pale kichwa chake kinapoingia ukutani, ambapo hakuna anayeona. Chukua bisibisi, simama ngazini, ichome boriti ile sentimita chache kutoka ukutani, kisha uichome katikati ya chumba. Boriti nzima inaikataa bisibisi. Angalia na njia za mchwa, mistari ya udongo inayoshuka kwenye kona.

Pia uliza sakafu ya juu ina nini. Watu wengi wametia zege na vigae juu ya ile sakafu ya mawe na chokaa bila kutoa kitu. Zile boriti hazikukatiwa mzigo huo.

Halafu, kama kuna zidaka, vile vishubaka vya ukutani, au lipu ya nakshi mahali popote, mkataze fundi kukwangua kwa chuma. Nakshi zetu nyingi zimefunikwa na chokaa ya kupaka ya vizazi na vizazi. Inatoka kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa na subira.

Mkandarasi_Fuoni

Mimi nyumba nilizopiga saruji zimesimama.

MuashiWaMalindi

Za matofali ya saruji, naam, zitasimama. Sigombani na saruji, nyumba yangu mwenyewe ya Kwamchina ni ya saruji. Huu ni ukuta wa aina nyingine.

BintiKiponda

Ahsanteni sana. Nimefanya mliyosema.

Kichochoroni: bomba la mvua ni zima. Lakini kuna mpira wa kipupwe wa jirani unaishia nyuma ya mtungi wa maua, na maji yanaingia moja kwa moja kwenye mguu wa ukuta wetu. Kuna ukoga wa kijani pale. Nimezungumza naye kwa uzuri, amekubali kuuvuta mpaka kwenye mtaro.

Kwa kifundo cha kidole nimepita ukumbi mzima. Kuta tatu ziko sawa kabisa, hata mama amegonga na yeye akafurahi. Kwa hiyo ni ukuta mmoja.

Dari sasa. Boriti katikati ya chumba: bisibisi haikuingia hata kidogo. Karibu na ukuta: imeingia nusu ya chuma chake, laini, na kilichotoka kilikuwa cheusi na kibichi. Mbili za jirani ni ngumu. Choo cha juu kina vigae, na mama anasema viliwekwa juu ya sakafu ya zamani. Mdogo wangu alitaka chumba hicho kiwe cha bibi harusi. Nifanyeje?

MuashiWaMalindi

Mwanangu, chumba hicho asilale mtu, na choo cha juu kifungwe maji leo, siyo baada ya harusi. Toeni vitanda. Fundi aegemeze boriti hiyo kwa nguzo mbili za mbao zenye ubao mrefu juu na ubao chini, ili mzigo usikae mahali pamoja, na ahakikishe chini ya nguzo, ghorofa ya chini, nako kuna kitu kinachobeba. Nguzo iliyosimama katikati ya sakafu ya boriti inahamisha tatizo chini tu.

Kubadilisha boriti si kazi ya kuanza kimya kimya. Pita kwanza ofisi ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, waeleze, waje waone. Mara nyingi haihitajiki kutoa ya zamani: inalazwa mpya pembeni yake, kichwa chake kikiingia kwenye jiwe zima, na ya zamani inabaki. Lipu ya dari hapo katikati itakuja mwisho kabisa, tabaka nyembamba, baada ya choo kutengenezwa na doa kukauka. Ukiipaka doa leo, litarudi kabla ya mahari kuhesabiwa.

Kuhusu harusi: vyumba vya juu upande wa pili vipakeni chokaa ya maji, iliyochujwa kwa kitambaa, nyepesi ya kumiminika, mikono minne au mitano, ukuta ukiwa umeloweshwa kidogo kila mara. Mkono wa kwanza utaona kama hujapaka kitu. Usiongeze uzito, subiri kesho yake. Ukumbini, toeni saruji sasa hivi ili ukuta uanze kupumua, na mbele ya huo ukuta mmoja tundikeni pazia kuanzia kwenye kamba ya juu, hatua moja mbali nao, hewa ipite nyuma. Wageni hawatajua.

BintiKiponda

Mdogo wangu ameuliza kama chokaa inaweza kuwa rangi ya waridi hafifu. Nimeona aibu kuuliza baada ya hayo ya boriti.

MuashiWaMalindi

Inaweza. Tia rangi ya unga, ya udongo mwekundu, iloweke kwanza kwa maji ya moto kidogo isiache madoa. Changanya ndoo yote ya chumba mara moja maana ya pili haitafanana. Pakeni kipande cha ukuta nyuma ya mlango mkisubiri kikauke, kwani ikiwa mbichi inaonekana nyeusi mara mbili ya itakavyokuwa. Na nitumie picha ya mguu wa huo ukuta, pale kwenye ukoga, kabla fundi hajagusa.